Hesabu Unga, Usihesabu Vikombe: Maswali Yenu Kuhusu Kahawa

Toleo lililopita tuliandika kwamba mtu mzima mwenye afya njema anaweza kunywa kahawa kila siku, mradi asizidishe. Barua zilizotufikia zilituuliza jambo lile lile kwa namna mbalimbali: kuzidisha ni kiasi gani? Tumeanza na barua ya mzee wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa sababu ndani ya swali lake mna maswali ya wengi.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mzee wa miaka 63. Kahawa thungu naijua tangu ujana: vikombe vitano barazani baada ya Laasiri, na vitano vingine baada ya Isha. Kijana wangu kanionyesha ujumbe kwenye simu kuwa mwisho ni vikombe vinne kwa siku. Sina presha wala sukari, ila usingizi umenihama. Je, najidhuru?
Mzee wa Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam mzee wetu, na shikamoo. Ujumbe wa kijana haukusema uongo, ila kikombe chake si kikombe chako. Vikombe vinne vinavyotajwa kwenye simu ni vile vikubwa vya Ulaya na Marekani, karibu robo lita kila kimoja, vya kahawa iliyochujwa. Kimoja kina kafeini, ile kemikali ya kahawa inayofukuza usingizi, kama miligramu 95, basi vinne vinakaribia 400. Kikomo chenyewe ndicho hicho cha miligramu 400. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya, asiye mja mzito, hatarajiwi kupata madhara akiishia miligramu 400 kwa siku nzima, na 200 kwa mara moja. Wamarekani nao hutaja 400 hiyo hiyo.

Sasa tuilete hesabu kwenye dele, lile birika la kahawa la muuzaji. Chukua chupa tupu ya nusu lita na kikombe chako cha barazani. Jaza maji kikombeni hadi pale muuzaji anapokomea, mimina chupani, uhesabu. Chupa ikijaa kwa vikombe vinane, kikombe kimoja ni mililita 62 hivi. Halafu uliza unga. Kahawa ya arabika, ambayo ndiyo karibu yote inayolimwa Kenya, ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake. Gramu 10 za unga zina miligramu 120. Kijiko cha mezani kilichosawazishwa kwa kisu huchukua gramu 5 hivi. Akitia vijiko vinane kwenye lita moja, ametia gramu 40, yaani kafeini miligramu 480, na kwa kuchemsha karibu yote hutoka kwenye unga ikaingia majini. Lita moja ni vikombe 16: miligramu 30 kila kimoja.

Lakini dele halikai juu ya makaa bure. Maji hupanda na mvuke, kafeini hubaki. Lita ikishuka hadi robo tatu, vikombe vinakuwa 12 na kila kimoja kina miligramu 40. Ndiyo maana kikombe cha saa tatu usiku, dele likiwa limetokota tangu Magharibi, kina nguvu kuliko cha kwanza ingawa unga ni ule ule. Na muuzaji anayeongeza unga mpya juu ya mashapo ya zamani huwa hajui tena ametia kiasi gani, wala wewe hujui.

Kwa hesabu hiyo vikombe vyako kumi ni miligramu 400 kamili. Uko ukingoni, hujavuka. Muuzaji akitia gramu 60 badala ya 40, kila kikombe kinafika miligramu 60 na kumi vinakuwa 600. Hapo umevuka, na kikomo chako ni vikombe sita. Unga ukiwa wa robusta, inayolimwa sana Uganda na kule Bukoba, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, basi vikombe vitano vya dele la gramu 40 vinatosha. Muulize muuzaji mambo mawili tu: kahawa ya wapi, na vijiko vingapi kwa lita. Muuzaji mzuri hakasiriki kuulizwa.

Ladha isikudanganye. Uchungu mwingi hutokana na kukaangwa sana, na buni iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi haina kafeini zaidi ya ile ya hudhurungi. Mwasho wa kooni ni wa tangawizi, nayo haina kafeini hata chembe.

Tatizo lako, kwa maoni yetu, ni saa kuliko idadi. Kafeini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa tano hivi. Kwa wengine saa tatu, kwa wengine saba. Vikombe vitano vya saa mbili unusu usiku ni miligramu 200. Saa saba unusu usiku 100 bado zimo, na alfajiri 50 hazijatoka. Hicho ni zaidi ya kikombe kizima ndani ya mwili wa mtu anayejigeuza kitandani. Vile vya Laasiri viache vitano. Baada ya Isha bakiza kimoja kwa wiki mbili, vingine viwe maji ya tangawizi au ya mchaichai, kisha utazame usingizi. Baraza haivunjiki kwa sababu mmoja ameshika kikombe cha tangawizi.

SWALI: Nimepimwa damu nikaambiwa kolesteroli mbaya iko juu. Nyama nimepunguza, mafuta nimepunguza. Rafiki ananiambia niache kahawa ya dele. Kwani kahawa ina mafuta?
Bi Mkubwa, Nyali

JIBU: Ina mafuta, Bi Mkubwa, ingawa kidogo. Tazama kikombe cha kahawa iliyochemka mbele ya dirisha, utaona utando mwembamba unang'aa juu. Ndani ya mafuta hayo mna vitu viwili, kafestoli na kahweoli, ambavyo huichochea kolesteroli ya LDL, yaani ile mbaya, kupanda. Kahawa ikichemshwa pamoja na unga wake, kama tunavyofanya, mafuta hayo huingia kikombeni. Ikipita kwenye karatasi ya kuchujia, karatasi huyanasa karibu yote. Wanywaji wa kahawa ya kuchemsha huko Skandinavia walionekana kuwa na kolesteroli ya juu kuliko wenzao wanaochuja, na ndiko jambo hili lilikoanza kufuatiliwa.

Anayekunywa vikombe vidogo viwili kwa siku hana sababu kubwa ya kuhangaika. Anayekunywa vinane au kumi, na kolesteroli imeshapanda, achuje. Pika kama kawaida na iliki na tangawizi yako. Epua, wacha dele litulie dakika tano mashapo yashuke. Weka karatasi ya kuchujia ndani ya faneli juu ya chupa ya chai, imwagie kwanza maji ya moto kidogo kuondoa harufu ya karatasi, maji hayo uyamwage. Kisha mimina kahawa taratibu kutoka juu bila kulitikisa dele.

Panapoharibika ni hapa: unga wetu husagwa laini sana, ukiingia kwenye karatasi unaziba, kahawa inasimama. Watu huanza kuikamua karatasi, inapasuka, na mafuta yote uliyoyakwepa yanashuka chupani. Ikiziba, badilisha karatasi, na siku nyingine sagisha unga wa chenga kidogo. Chujio la chai la waya halisaidii kitu. Mafuta yanapita kama maji. Kitambaa hupunguza kiasi, si kama karatasi. Utapoteza ule uzito wa kahawa mdomoni, hilo hatukufichi. Rudi kupima damu baada ya wiki sita hadi nane, na dawa uliyoandikiwa usiiache kwa sababu ya karatasi.

Na ungali na dele mkononi, kuna jambo la moto. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, lakini likasema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Kahawa inayomiminwa kutoka juu ya makaa imezidi hapo. Dalili rahisi: ikiwa lazima uvute kwa kelele pamoja na hewa ndipo uweze kumeza, bado ni ya moto mno. Kikombe kidogo hupoa haraka. Wacha dakika nne tano, simulia jambo moja, kisha unywe.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe anasema kahawa itamfanya mtoto awe mweusi na mkorofi, dada yangu anasema nikunywe tu. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa vikombe viwili, jioni kahawa ya tangawizi. Nifuate lipi?
Mama mtarajiwa, Kisauni

JIBU: Hongera dada. Rangi ya mtoto haitoki kwenye kahawa, hilo mwambie mama mkwe kwa adabu. Lakini nusu ya tahadhari yake ina haki. Mja mzito kikomo chake ni miligramu 200 kwa siku, nusu ya watu wengine, kwa sababu kafeini hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na ini la mtoto bado haliwezi kuivunja. Wewe mwenyewe pia unaivunja polepole kadiri mimba inavyokua. Miezi ya mwisho, ile nusu ambayo kwa wengine hutoka mwilini kwa saa tano inaweza kuchukua saa 15. Kafeini nyingi wakati wa mimba imehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Watu husahau chai. Kikombe cha chai ya majani kina miligramu 40 hadi 50, basi viwili vya asubuhi vimeshakula karibu 100. Zimebaki 100: vikombe vidogo viwili vya kahawa, na siku hiyo soda ya kola usiguse, kwa kuwa chupa yake ina kama 30.

Kubwa zaidi kwako ni vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki. Chai na kahawa vyote viwili hushikamana na madini hayo tumboni yakapita bila kuingia kwenye damu. Kumeza kidonge kwa chai ya asubuhi, kama wengi wafanyavyo, ni kukitupa nusu yake. Kimeze kwa maji, bora na chungwa au maji ya ndimu, na chai iwe saa moja kabla au saa mbili baadaye. Ukijifungua na kunyonyesha, 200 hiyo hiyo iendelee.

SWALI: Mimi naendesha lori, napakia usiku bandarini kuanzia saa mbili hadi asubuhi. Bila makopo mawili makubwa ya kinywaji cha nguvu, kahawa vikombe vitatu na muguka kidogo sikai macho. Asubuhi nikirudi Changamwe silali, moyo unadunda. Nipunguze kahawa?
Dereva wa usiku

JIBU: Punguza makopo kwanza, ndugu yetu. Vinywaji vingi vya nguvu vina miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100. Soma ubavuni mwa kopo. Kopo la nusu lita ni 160, mawili 320. Ongeza vikombe vitatu vya kahawa, 120, umefika 440 kabla hatujataja muguka. Na muguka, majani ya jamii ya miraa, hauna kafeini, una kathinoni, ambayo nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo na kufukuza usingizi kwa njia yake. Viwili vikikutana mwilini, moyo hauna wa kumuuliza. Moyo ukidunda bila mpango, ukibanwa kifua au kizunguzungu, hapo si suala la kupunguza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kahawa hufanya kazi vizuri zaidi ikigawanywa. Badala ya kumwaga yote saa nne, kunywa kikombe kidogo kimoja kila saa moja au mbili kuanzia saa tano usiku, cha mwisho saa tisa. Ukilala saa tatu asubuhi, umeupa mwili saa sita. Kuna utafiti uliowapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, na wengi hawakujua kwamba wamepoteza. Makopo ukiyanywa saa kumi alfajiri, basi, utayalipia saa tano asubuhi.

Ukihisi macho mazito kwenye foleni ya kupakia: kunywa vikombe viwili vitatu vya kahawa harakaharaka, weka simu ikuamshe baada ya dakika 20, egemea ulale hapo hapo. Kafeini huanza kushika baada ya dakika 20 hadi 30, kwa hiyo unaamka wakati inaingia. Dakika 20, zisizidi. Ukipitisha nusu saa utaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala. Na lori linalotoka getini na dereva anayesinzia halirekebishwi na kahawa yoyote.

SWALI: Kila Ramadhani siku tatu za kwanza kichwa huniuma kuanzia adhuhuri hadi nafuturu. Nikinywa kahawa tu, kimepona. Nifanye nini mwaka huu?
Msomaji, Majengo

JIBU: Kichwa hicho ni cha kukosa kafeini, na umejipima mwenyewe kwa kikombe cha futari. Mishipa ya kichwani iliyozoea kubanwa na kafeini hutanuka ikikosa. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na huweza kukaa hadi siku tisa.

Dawa yake huanza Shaaban. Mwenye kunywa vikombe vinane kwa siku aanze siku tisa kabla: atoe viwili, akae siku tatu na vikombe sita, atoe viwili tena, siku tatu na vinne, hivyo hivyo hadi viwili, navyo viwe vya jioni tu. Anza kutoa vya asubuhi, maana mchana ndio utakaoufunga. Kuacha ghafla siku ya mwandamo wa mwezi ndilo kosa la kila mwaka.

Wakati wa kufuturu, tanguliza tende, maji na chakula; kahawa kwenye tumbo tupu huwaletea wengi kiungulia. Watu wanapenda kahawa baada ya Tarawehe. Sisi tungesema inywe kabla, mara baada ya kula, kwa kuwa daku ya saa kumi inahitaji mtu aliyelala. Wakati wa daku kikombe kimoja hakina ubaya, pamoja na maji ya kutosha.

KWA UFUPI

"Kahawa huleta vidonda vya tumbo?" Hapana. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye H. pylori au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Mwenye kidonda tayari huweza kuhisi kahawa inamchoma. Ikimchoma, aache hadi apone.

"Nina presha, niache?" Kwa asiyezoea, kafeini huipandisha kwa saa chache. Jipime kabla ya kunywa, kisha nusu saa hadi saa moja baadaye. Ikipanda pointi tano hadi kumi, mwili wako ni mwepesi kuhisi, punguza. Ukienda kliniki, usinywe nusu saa kabla ya kupimwa. Wengine huongezewa dawa kwa sababu ya kikombe cha langoni.

"Mimi nina sukari, kahawa chungu ninaruhusiwa?" Kahawa chungu, ndiyo. Halua na kashata zinazoandamana nayo ndizo za kuulizwa. Tende moja inatosha kuondoa uchungu mdomoni.

"Mtoto wa miaka sita aonje?" Kwa watoto huhesabiwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 20 anafika 60, na kikombe cha chai ya asubuhi kimeshachukua sehemu kubwa. Kahawa isubiri.

"Ninatumia dawa, kuna za kuepukana na kahawa?" Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, huzuia ini kuivunja kafeini, siku za dozi kunywa kidogo sana. Dawa ya tezi, levothairoksini, imezwe kwa maji na kahawa ije baada ya saa moja. Baadhi ya vidonge vya kichwa na mafua vinavyouzwa madukani vina kafeini ndani, soma karatasi yake.

"Nimeacha sigara mwezi sasa, lakini kahawa ile ile inanitetemesha mikono." Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka, karibu mara mbili. Umeacha sigara, ini limerudi mwendo wake, na vikombe vyako sita sasa vinakaa mwilini kama kumi na viwili. Kunywa vitatu.